Kura ya Beki wa Kushoto

Rangi ya mafuta ikichanganywa na petroli hutoa harufu ambayo watu wengi huikimbia. Mimi huifuata. Juzi fundi alikuwa akipaka geti la jirani, nikasimama pale na mfuko wangu wa mboga mpaka akaniuliza kama nina shida. Sikuwa na shida. Nilikuwa nimerudi kwenye umri wa miaka kumi, nimekaa juu ya kreti mbele ya duka la Mama Feza, huko Bel-Air, Lubumbashi, na watu wazima wa mtaa wetu wanagombania ukuta.

Ukuta wenyewe ulikuwa wa duka hilo, upande unaotazama barabara. Ilikuwa enzi ya Zaire, enzi ya chama kimoja, na makopo manne ya rangi yalikuwa yamebaki baada ya ofisi ya chama kupakwa upya. Citoyen Ngoie (citoyen, yaani raia, ndivyo tulivyotakiwa kuitana enzi hizo), mkuu wa chama mtaani kwetu, hakutaka yakauke bure. Alimwita Kabuya, mchoraji aliyeishi nyuma ya nyumba yetu na aliyekuwa na madoa ya rangi hata kwenye nyusi, akamwagiza achore wachezaji kumi na mmoja bora wa timu ya taifa, tangu mpira ulipoanza kuchezwa nchini mpaka siku ile. Kabuya akauliza kitu kimoja tu: wepi?

Swali hilo lilichukua Jumapili tatu.

Walikuja baada ya chakula cha mchana, wengine bado na nguo za misa, wengine na kandambili, wakajaza mabenchi na ngazi za duka. Baba yangu alifanya kazi kwenye matanuri ya kampuni ya shaba, na siku za kazi alirudi nyumbani na maneno machache sana. Lakini Jumapili zile alisema mpaka sauti ikamkauka. Jina likikubaliwa, Kabuya aliliandika ukutani kwa chaki. Likipata adui, alilifuta kwa kiganja na kusubiri. Kipa alipita bila ubishi, yule aliyecheza na kofia ya sufu aliyofumiwa na mkewe. Mabeki wa kati walikuwa wawili walioitwa Mlango na Kufuli, nao hakuna aliyethubutu kuwagusa. Katikati waliweka mtu mfupi ambaye Baba aliapa kwamba angeweza kuzunguka na mpira ndani ya ndoo. Wa siku za Wabelgiji walipangwa pamoja na wale waliokuwa bado wanacheza, na hakuna aliyejali kwamba hawakuwahi kuonana.

Jumapili ya tatu, saa tisa hivi, palikuwa na majina kumi. Ilibaki nafasi ya beki wa kushoto.

Citoyen Ngoie alikuwa na mtu wake, na mtu huyo alipendwa. Walimwita Chemise Blanche, yaani Shati Jeupe, kwa kuwa alimaliza mechi akiwa msafi kama anayekwenda harusini. Alikuwa na miguu mirefu na mwendo wa madaha. Kabuya alikwisha kuinua chaki. Hapo ndipo nilipofungua mdomo.

"Nkambo anasema wa kweli alikuwa Musumari."

Nkambo ndivyo tulivyomwita bibi, na huyu wangu, Nkambo Zaina, alikuwa mama wa mama yangu, Mwislamu mwenye asili ya Maniema, mashariki ya nchi, mama wa ushungi na sala tano. Kabla sijazaliwa alikuwa mfuaji wa nguo katika hosteli moja ya mjini, ambako timu ya taifa ilipiga kambi kila ilipokuja kucheza kwetu. Jumamosi, mikono yetu ikiwa ndani ya povu la sabuni, alinisimulia juu ya wachezaji wale kama wanawake wengine wanavyosimulia habari za wakwe.

Citoyen Ngoie aliniangalia kwa upole wa mtu mwenye cheo. "Mutoto, nkambo yako aliona match ngapi?"

"Hakuona hata moja," nikajibu, maana ndiyo ilikuwa kweli.

Walicheka mpaka benchi moja likainama. Hata Baba alitabasamu huku akitazama viatu vyake, na tabasamu lile liliniuma kuliko kicheko cha wote. Masikio yaliwaka moto. Nilishuka kwenye kreti, nikakimbia nyumbani.

Nkambo alikuwa uani, akichambua majani ya sombe, yaani kisamvu. Nilimweleza yote bila kupumua. Aliniuliza neno moja tu.

"Banacheka?"

"Banacheka."

Alinawa mikono, akafunga kitenge cha pili juu ya kile cha kwanza, akatoka. Goti lake lilikuwa bovu, kwa hiyo tulikwenda polepole, nami nilitamani kumsukuma kama mkokoteni. Tulipofika, wanaume wote walisimama, Citoyen Ngoie naye pia, na Mama Feza akaleta kiti. Nkambo alikikataa. Alisimama mbele ya majina yale, ambayo hakujua kuyasoma, akawageukia.

"Ni kweli, sikuone match," alisema. "Mi niliona maillot. Kila maillot yenye ilitoka ku uwanja ilipita mu mikono yangu. Bale bantu munaandika hapa, nabajua kwa uchafu yabo."

Maillot ndiyo jezi, na safari hii hakuna aliyecheka.

"Muniskilize basi. Udongo ya ku mugongo, ile ni ya muntu banaangusha. Udongo ya ku kifua, ile ni ya muntu alijitupa yeye mwenyewe. Musumari, kila mara, udongo ilikuwa ku kifua. Nilikuwa naloweka ya wengine saa moja. Ya kwake ilikuwa inalala mu maji."

"Na Chemise Blanche?" Kabuya akauliza.

"Ile? Ya kwake nilikuwa nakunja tu." Akaonyesha kwa viganja. "Kijana muzuri. Adabu iko nayo, alikuwa ananisalimia. Lakini maillot yake haikukuwa na kazi, na miye sikukuwa na kazi nayo."

Kisha akagusa bega lake la kushoto. Alisema jezi ya Musumari ilikuwa ikichanika pale pale, begani, kwa nyuma, naye aliishona mara tatu mpaka akaitilia kiraka. Wapinzani walimvuta hapo. "Na muntu hawezi kukuvuta kwa nyuma," alisema, "kama haukumupita."

Nilimwona Baba akiinua kichwa. Mzee mmoja wa reli, aliyekuwa kimya tangu Jumapili ya kwanza, akasema taratibu kwamba anaikumbuka mechi ya mvua, na mtu mmoja aliyelala mbele ya goli mpira ukampiga kifuani, na kwamba siku zote alidhani alikuwa Kufuli. "Haikukuwa Kufuli," akasema. "Sasa namuona muzuri. Alikuwa ule."

Citoyen Ngoie alikunja mikono ya koti lake la abacost, vazi rasmi la miaka ile. Hakuwa mtu mbaya. Ila rangi ilikuwa ya chama, na chama mtaani kilikuwa yeye. Alitushukuru sote, kisha akaomba tufanye kama tulivyozoea mikutanoni: yeye ataje jina, sisi tupige makofi. Akamtaja Chemise Blanche. Makofi yalikuja, machache, kama mvua inayosita.

Nkambo akangoja yaishe. "Na mwenye anamutaka Musumari," akauliza, "yeye atapiga saa gani?"

Wakubwa walitazamana, kila mmoja akitafuta kwenye uso wa mwenzake kitu ambacho sikukijua. Jasho lilikuwa likimtiririka Baba shingoni, ingawa tulikuwa kivulini. Kabuya, akiangalia chaki yake na si mtu yeyote, alisema labda watu wainue mikono, jina hili kwanza, halafu lile, nasi tuhesabu.

Kwa Chemise Blanche iliinuka mikono tisa. Kisha akatajwa Musumari, na kwa muda hakuna kilichotikisika. Wa kwanza kuinuka ulikuwa mkono wa Baba, mkono mweusi wa matanuri, wenye kovu la moto kwenye kifundo. Ukafuata wa mzee wa reli. Wakafuata wengine, mmoja mmoja, kisha wengi kwa pamoja. Nilihesabu kwa sauti bila kuombwa. Kumi na tatu.

Citoyen Ngoie alihesabu mara ya pili, kwa kidole. Akatazama ukuta. Akatazama makopo ya rangi. Halafu akanyoosha koti na kutangaza kwa ile sauti yake ya mikutanoni: "Basi, kwa kauli moja, Musumari."

Hapo ndipo makofi yalipokuja kweli. Baba alinibeba begani, mimi mtoto mkubwa wa miaka kumi, na wanawake waliokuwa wakipita na beseni zao wakasimama kuuliza nani ameoa.

Kabuya alichora wiki nzima. Sura ya beki hakuna aliyeikumbuka vizuri, hata Nkambo, kwa hiyo alimchora akigeuka, kifua chekundu kwa udongo wetu, kiraka begani, katikati ya wenzake kumi waliokuwa safi. Watu walikuja kutoka wilaya yetu nzima ya Kampemba kumwangalia. Nkambo kila alipopita alilalamika kwamba mishono ya kile kiraka ni mibaya, kwamba yeye hakuwahi kushona namna ile.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba siku ile tulishinda ubishi wa mpira. Nilikuwa mama wa watoto wawili nilipomuuliza Baba, amestaafu na amezeeka, kwa nini alitokwa na jasho vile.

"Nilikuwa na miaka makumi tatu na nane," alisema. "Ile siku njo ilikuwa mara ya kwanza bananiuliza nichague kati ya majina mbili."

"Lakini Baba, ilikuwa beki ya kushoto tu."

"Ndiyo," akasema, na uso wake wote ukafunguka. "Tulianzia pale."