Uzio wa Rula

Miezi mitatu baada ya kumzika mumewe, mkataji wa karakana ya sare za shule alikuwa bado hajalia. Hakulia kaburini, hakulia nyumbani, na siku ya kuzianua nguo za marehemu kwenye kamba alizikunja vizuri kama mzigo wa mteja, akazitia kabatini. Watu wakaanza kusema. Huyu alisema ana moyo wa jiwe, yule akasema wa chuma, na yeye aliposikia alijiuliza tu wameupimia wapi. Ndani yake hapakuwa na jiwe wala chuma. Palikuwa kama mguu uliokaliwa: unauona upo, ukiubonyeza haujibu.

Aliamka, akakata vitambaa, akarudi, akalala. Alikata tabaka arobaini za kitambaa cha bluu kwa mkupuo mmoja, na hakuna sketi iliyotoka upande. Mkono haukuwa na msiba.

Aliyemchokoza ni wifi yake, dada wa marehemu, mwanamke asiyejua kuingia nyumba ya mtu bila kufunua sufuria.

"Wifi, wale wa bustani wamekuita mara ngapi?"

"Tatu."

"Na umejibu mara ngapi?"

"Nina kazi."

"Kazi tunazo wote, hata kuku anachakura. Kesho saa sita mchana wanang'oa ule uzio wa kaka yangu. Mimi nimesema. Usije ukaniambia kesho kutwa kwamba hukuambiwa." Akafunika sufuria. "Na hiki chakula hakina chumvi."

Kweli hakikuwa na chumvi. Alikuwa amekila siku mbili bila kujua.

Bustani Kuu ilikuwa mwendo wa dakika kumi kutoka karakana, na katika miaka ishirini na sita ya ndoa hakuwahi kuingia. Angeingia kutafuta nini? Mumewe alimletea bustani nzima nyumbani kila jioni: majani kwenye ukosi, udongo mifukoni, na mgongo. Alikuwa akijitupa kitandani kifudifudi na kusema, "Mke wangu, leo mgongo umekatika." Naye alimkanda kwa mafuta mpaka vidole vikafa ganzi. Kazi yake ilikuwa kupogoa uzio wa miti wa upande wa mashariki, hatua mia na ishirini, na aliunyoosha kwa jicho tu bila kuvuta kamba. Ndiyo maana wenzake walimwita Rula.

Asubuhi aliomba ruhusa. Saa mbili akapita chini ya geti la chuma lililo refu kama nyumba, mkasi wake wa kitambaa ukiwa bado kwenye mfuko wa gauni na futi ya kupimia ikining'inia shingoni. Alikuwa amesahau kuivua.

Watu husema bustani ile inapoza moyo. Wake ulikuwa umeshapoa. Alipita miti iliyopandwa na watu ambao hata wajukuu wao wameshazikwa. Alipita mtu wa shaba asiye na pua, aliyesimama juu ya jiwe tangu enzi ambazo hakuna anayezikumbuka, na kibao chake kimesuguka hata huwezi kujua alikuwa shujaa au mdaiwa. Alipita birika la mawe ambalo maji yake yalikauka zamani, na bibi harusi akipigwa picha kando yake kana kwamba yapo. Wanafunzi walipishana naye wawili wawili. Hakuwaona nyuso. Aliona pindo za sketi, akajua ni alizozikata mwezi wa tano.

Uzio aliujua kwa ubaya wake. Sehemu nyingine zote zilikuwa zimenyolewa safi, kisha ghafla pakaanza msitu wenye vichwa vya kila urefu, kama wateja wanaogombea foleni. Wanaume sita walikuwa wamekaa chini, mikasi mapajani, wanautazama tu. Mmoja akainuka na kuendelea kuinuka. Huyo alikuwa Ngongoti, rafiki wa mumewe, ambaye hata msibani alilazimika kuinama kupita mlangoni.

"Shemeji, karibu. Tulishakata tamaa."

"Kwa nini hamjaupogoa? Mna mikasi, mna mikono."

"Sehemu ya marehemu haiguswi na mkasi mpaka mtu wa nyumbani kwake akate mara ya kwanza. Ndivyo tulivyowakuta wazee wakifanya. Maji tumeupa. Mkasi tumekusubiri wewe." Hakulisema kwa lawama, na afadhali angelaumu. "Sasa Filimbi amechoka."

Filimbi alikuwa msimamizi wao, aliyetembea na filimbi shingoni kama refa. Alikuwa ametoa neno: ikifika saa sita uzio haujawa uzio, unang'olewa, wanaweka waya. Miti ile ilikuwa pale kabla baba zao hawajazaliwa.

Mkataji akapewa mkasi wa bustani, mrefu kama mkono wake wote. Akashika tawi la kwanza, akalikata. Halikuwa na tofauti na kitambaa kigumu. Wale sita wakasimama, wakaingia kazini, na majani yakaanza kuruka.

Kufikia saa nne walikuwa wamefika katikati, na hapo wakasimama wakabishana.

"Bonde lilikuwa hapa, mkabala na taa."

"Wewe nawe. Lilikuwa hapo mbele."

"Bonde gani?" mkataji akauliza.

Ngongoti akajikuna shingo. "Shemeji, kuna mahali marehemu alikuwa anakata chini kidogo. Filimbi alidhani ni kosa la jicho. Halikuwa kosa." Akaleta ndoo kuukuu, akaipindua. "Rula alikuwa anakaa hapa. Akitazama pale kwenye bonde, anaona mlango wa ofisi ya Filimbi. Filimbi akitoka, yeye anakohoa, sisi tunainuka. Miaka yote hatujawahi kukutwa tumekaa. Tangu afe tumekutwa mara nne."

"Anakaa," mkataji akasema.

"Kidogo, shemeji."

"Kidogo cha saa ngapi?"

"Tangu saa tatu hivi," akajibu mwingine, "mpaka chakula. Baada ya chakula ndiyo alikuwa anapumzika."

Mtu mmoja akacheka, akakigeuza kicheko kuwa kikohozi. Mkataji hakucheka. Aliitazama ile ndoo, kisha akavua futi shingoni.

"Iacheni ndoo hapo alipokaa, bonde liwe penye mstari wa kutoka ndoo mpaka mlango wa ofisi. Hapo. Bonde likipanda sana, hamtaona kitu. Likishuka sana, yeye atawaona ninyi. Kweli?"

"Kweli kabisa. Ndicho tunachobishania."

Ovaroli za kazi hazikuwahi kumkaa mumewe. Alikuwa na miguu mifupi na kiwiliwili kama alichoazima kwa mtu mwingine, kwa hiyo kila mwaka alimshonea mwenyewe. Ndoo, inchi kumi na nne. Kiti mpaka ukosi, ishirini na tano. Hiyo aliijua bila kufikiri. Kutoka ukosi mpaka macho hakuna fundi anayepima. Akaweka kiganja chake kwa upana, akaongeza vidole viwili. Hakujiuliza amejuaje. Akatia alama kwa chaki ya cherehani, akakata mwenyewe mpaka pale.

Filimbi alifika saa sita kasoro. Akatembea na uzio mzima, mikono nyuma, akitafuta la kusema, na kwenye bonde akalipata.

"Na hapa mbona pamebonyea? Kosa la marehemu mmelirudisha?"

Wanaume sita wakainama kama wenye kazi miguuni pao. Mkataji akasema, "Bwana msimamizi, mimi ni mkataji wa nguo. Mtu mwenye bega la chini, nguo yake hukatwa chini upande huo. Ukilazimisha kunyoosha, inakaa vibaya nzima."

Filimbi aliutazama uzio, akamtazama yeye. Hakuelewa, wala hakutaka ionekane. "Basi ubaki," akasema, akaondoka.

Mkataji akakaa kwenye ndoo. Alikuwa mfupi kuliko mumewe, ikambidi anyooshe shingo. Akamwona Filimbi anakwenda, kichwa mpaka viatu, akaingia ofisini, akafunga mlango.

"Panaonekana, shemeji?"

"Panaonekana."

Jioni wifi alikuwa ameshafika, ameshafunua sufuria. "Umelia?"

"Alikuwa anakaa."

"Nani?"

"Kaka yako. Miaka ishirini na sita namkanda mgongo, kumbe anashinda amekaa kwenye ndoo."

Wifi akashika ukuta, akacheka mpaka akateleza akakaa sakafuni, kisha kicheko kikageuka kilio, na akalia vizuri, kwa sauti. Mkataji alimtazama akilia. Akachota maji kwenye beseni ili anawe. Kidole chake gumba kilikuwa na sugu ya miaka, lakini mkasi wa bustani hushikwa kwingine, na katikati ya kiganja lilikuwa limetoka lengelenge. Akalibonyeza. Likauma.

Akalibonyeza tena.