Wimbo Aliofutisha Mama Sele

Kuna siku moja mpaka leo hunijia, mwanangu, hasa nikikusikia chumbani ukiurudia wimbo wa wale vijana wawili, ule wa mapenzi yaliyovunjika. Wameimba kikubwa, hawamtukani mtu. Nasi tulikuwa wawili, mimi na Sele, vijana wa Tandale. Usicheke, sauti nilikuwa nayo, na kiuno pia.

Sele aliachwa na mchumba wake, Rehema, ambaye baadaye aliposwa na mfanyabiashara wa Boko. Rafiki yangu aliumia kweli, akawa hali wala halali. Basi akatunga wimbo wa kumpasha, jina la Rehema humohumo, akapanga upigwe kwenye spika za mtaani siku binti anapakwa hina, ndugu wa mume wakiwa wamejaa uani. Unajua maneno ya uswahilini yanavyoshika. Ndoa ingeweza kuvunjika kabla ya kufungwa.

Tulikuwa studio Manzese tukiusikiliza, mara akaingia mama yake Sele. Alipoitikia shikamoo zetu, akaomba wimbo urudishwe mwanzo. Akausikiliza wote, ameshika tama.

"Huyo mnayemtukana," akauliza, "si ndiye aliyekuwa akiniogesha nilipolazwa, wewe hujui hata nipo wodi gani?"

Sele akainama. "Mama, ameniumiza."

"Najua, baba. Sasa si uimbe hilo? Mbona humu sijasikia pahala ulipolia?"

Mwanangu, Sele alilia palepale, mbele ya mama yake na fundi mitambo. Nami nikalia, sikufichi. Wimbo ule ukafutwa. Tukaimba mwingine, taratibu, wa mwanamume aliyezoea kununua chapati mbili asubuhi, na sasa hana wa kumpa ya pili. Jina la mtu halikuwemo. Rehema akapakwa hina kwa amani, akaolewa.

Wimbo wenyewe haukuvuma. Nani anataka wimbo wa kuachwa harusini kwake? Redio ziliupiga kidogo, ukapotea, nasi tukatafuta kazi nyingine.

Miaka mingi baadaye nilikutana na Rehema huko Boko, mama mtu mzima.

"Shemeji," akaniambia, "ule wimbo wenu niliusikia redioni. Nilizima jiko nikakaa chini. Mwambie Sele anisamehe, mie sikujua kama aliumia vile."

Sele alikuwa anataka hilo tu tangu mwanzo, Rehema ajue kwamba yeye ameumia. Matusi yasingemfikisha hapo.

Kwa hiyo, mwanangu, siku ukiachwa, na wengi wetu tumeachwa, usikimbilie simu kumwanika mwenzako mtandaoni. Mtu akitukanwa hujitetea, na anayekusikia unaumia huenda akakaa kimya akakusikiliza. Lia, sema umelia, kisha mwache aende na heshima yake. Mungu akutulize moyo, akupe mapenzi yasiyokuaibisha, na maumivu yakija, akujalie kuyasema bila kumwangusha mtu.