Siku Yangu Kwenye Karatasi

Makarani walipokuja kutuuliza tunavyotumia siku, gesi ilikuwa imeshapatikana baharini mbele ya kijiji chetu, na sote tulijua tutahamishwa. Mmoja alikaa barazani kwetu na karatasi zake. Mume wangu alikuwa kushoto kwangu, mama mkwe kulia. Karani akaniuliza: ukiamka asubuhi, unafanya nini mpaka jioni?

Ukweli ni huu. Mume wangu alikuwa mgonjwa wa kifua, mwaka mzima hajagusa wavu. Maji yakitoka, mimi nilikuwa mwambani na chuma changu, nachokoa pweza. Yakijaa narudi, naanika, natwanga, napika, nauza. Kila aliyekaa pale barazani alikuwa akila jasho langu. Lakini mke hamvui nguo mumewe mbele ya mgeni. Nikainamisha kichwa, nikajibu kama tulivyofunzwa unyagoni.

"Mwenye kazi ni baba watoto. Mimi nakaa tu."

Mama mkwe akatabasamu. Nikaweka dole gumba, nikajiona mwanamke wa maana. Mjinga mie.

Kijiji kipya kiko bara. Nyumba ni nzuri, sikatai, ina bati na sakafu ya saruji. Kila asubuhi gari huwapeleka pwani wavuvi walioandikwa. Nilipokwenda kuomba nafasi, nikamkuta karani yule yule.

"Mama, wewe huna kazi ya bahari. Ulisema mwenyewe."

"Niandike upya, baba."

"Nyumba moja, mvuvi mmoja. Nikikuandika wewe, jina la mzee linatoka kwenye lista."

Nikamfikiria mume wangu akibaki ndani na wanawake, wenziwe wakipanda gari. Nikasema basi, acha.

Kwa hiyo mume wangu hupanda gari na kikohozi chake, hukaa mchangani, hurudi suruali kavu. Mimi kufika saa nne nimeshapika, na ua nimelifagia mara mbili. Saa zinazobaki sijui nizipeleke wapi. Naichukia ile sakafu, na siku nyingine namchukia yeye.

Jioni moja nikamuuliza, "Maji yametoka?"

"Yametoka sana. Mwamba wote uko wazi." Akakohoa, akafuta mdomo. "Kesho nipe chuma chako."

Nikampa. Kesho yake akakirudisha, akakiegemeza mlangoni bila kunitazama. Nikakishika ncha. Kilikuwa kikavu, na vumbi langu la bara bado liko juu yake.