Matanga ya Mtu Aliye Hai

Harufu ya ubani ndiyo iliyonijulisha kwamba kwa Mama Kasimu kuna msiba. Pale mtaani kwetu Mbugangari, nyumba yake na ya shangazi yangu aliyenilea ziligawana ukuta mmoja, na mimi, mtoto nisiyetoka nje hata kwa kufukuzwa (bado niko hivyo, safari yangu ndefu kabisa huishia Petite Barrière, kivuko cha mpakani hapo jirani), nilijua kila kilichopikwa upande wa pili. Lakini kwao hakuna aliyekuwa amekufa. Asubuhi ile mahakama ilimhukumu Kasimu kifo kwa kumchoma kisu na kumwua Idi, mtoto wa pekee wa shangazi, walipogombana juu ya baiskeli. Mama Kasimu akarudi nyumbani, akatandika mkeka, akaanza matanga ya mwana ambaye bado alikuwa anapumua.

Kwetu msiba wa jirani hauulizwi, unaingia, unakaa. Shangazi akajitanda kanga, akanishika mkono, tukaingia. Wanawake wakasogea, wakatuachia nafasi mkekani. Shangazi akaketi bega kwa bega na mama wa aliyemwua mwanawe, nami, shujaa niliyejificha chini ya kitanda hata kuku akichinjwa, nikajibanza nyuma ya mgongo wake. Tangu hapo walishinda pamoja kila alasiri, wakichambua maharagwe. “Tuko sawa sasa,” shangazi aliniambia. “Yeye hana, mi sina.”

Kisha, alasiri moja, redio ikasema hukumu ya kifo imefutwa nchini. Waliokuwa wakiisubiri watafungwa maisha. Mama Kasimu akapiga kigelegele, akakiziba kwa mkono, lakini alikuwa amechelewa. Shangazi akasimama, maharagwe yakamwagika.

“Bon, haya. Wa kwako amefufuka. Wangu atafufuka lini?”

“Dada, mi sikuomba...”

“Uliomba, nilikusikia. Hata mi ningeomba.”

Hakukanyaga tena nyumba ile.

Siku hizi vijana wa mtaa wakibishana juu ya muuaji fulani, anyongwe au afungwe maisha, huniuliza mimi, profesa wa kukaa ndani, nami siishiwi mzaha. Kaka Idi alikuwa mkubwa wangu; sasa nimempita umri. Mwezi uliopita Mama Kasimu, akitoka kumwona mwanawe gerezani, alitusalimu mlangoni.

“Kasimu iko anaota mvi, dada.”

Shangazi akamwitikia kwa adabu, akafunga mlango, akanigeukia.

“Idi wetu, mvi zingemuanzia wapi? Mbele ao kando?”

Nikauacha mdomo wangu huu usiokosa maneno, nikamwinamishia kichwa changu, atafute.