Pini ya Utepe Mwekundu

Kwa miaka ishirini na sita Sumarwan aliijua ndege kwa jinsi inavyosimama, si kwa jinsi inavyoruka. Kazi ya kusimama, alipenda kusema, ina wenyewe watatu. Wa kwanza ni vibawa vya nyuma ya mbawa, vinavyoteremshwa hatua kwa hatua ili ndege ipunguze mwendo bila kuanguka. Wa pili ni injini zenyewe: tairi zikishagusa lami, milango ya ubavuni mwa injini hufunguka na kuurusha upepo mbele badala ya nyuma. Breki huja mwisho, na kwenye lami yenye maji breki ni ahadi tu.

Asubuhi moja ya Januari, hapo Surabaya, milango ya injini ya kulia iligoma kujifunga sawasawa. Kipuri hakikuwepo. Kanuni inaruhusu: fundi huifunga milango kwa pini, hutundika utepe mwekundu, huandika kitabuni, na ndege huruka siku kumi ikisaidiwa na injini moja tu wakati wa kutua. Sumarwan akapiga pini, akaandika, akatia sahihi. Mwandiko wake ulikuwa safi kama wa mwalimu wa darasa la kwanza.

Kilichobaki hakikuwamo kwenye kanuni. Ndege ilikuwa inakwenda kisiwa cha mashariki, kwenye uwanja mfupi, na huko kulikuwa kumeamkia mvua. Rubani alikuwa Kapteni Prawiro, na kila fundi aliyajua mazoea yake: hakuteremsha vibawa hadi mwisho. Aliacha hatua moja, akaja na mwendo zaidi kidogo, akaziachia injini zimalize. Kwa injini mbili, mazoea hayo hayakuwahi kumdhuru mtu.

"Kamwambie leo avishushe vyote," alisema Ngatijo, fundi mwenzake, akifuta grisi mikononi.

"Nitamwambia."

"Utamwambia wewe! Mbele ya Kapteni ulimi wako huvaa soksi."

Hakukosea. Kapteni Prawiro ndiye aliyesimama shahidi kwenye harusi ya binti yake Sumarwan, na Mjava aliyelelewa hamfundishi kazi mkubwa wake. Humwekea neno pembeni, kama mtu anayeacha sahani mlangoni, mwenyewe aichukue akipenda.

Walikutana chini ya bawa. Kapteni alisoma kitabu, akaugusa utepe mwekundu kwa kidole.

"Umeifunga vizuri, Pak Marwan?" aliuliza, akimwita Bwana na kulikata jina lake kama walivyozoea.

"Vizuri, Kapteni."

"Mjukuu hajambo?"

"Hajambo, ameota meno mawili. Mashariki wanasema mvua imekaza, Kapteni."

"Januari hii. Ulitaka waanike mpunga?"

Sumarwan alicheka, kisha akajaribu tena. "Na uwanja wa kule ni mfupi."

"Ulikuwa mfupi tangu nina nywele," Kapteni alisema, akapanda ngazi.

Fumbo mfumbie mjinga, mwerevu ataling'amua. Kapteni alikuwa mwerevu. Alikuwa pia amechelewa dakika ishirini.

Ndege iligusa lami mbele sana, vibawa vikiwa hatua moja pungufu. Injini ya kushoto ikarusha upepo mbele. Ya kulia ikakaa kama ilivyofungwa. Tairi zikateleza juu ya maji. Lami ikaisha kabla ya mwendo, na mtaro ulio nyuma ya uzio ukaikunja pua ya ndege. Rubani msaidizi alitolewa na mguu uliovunjika. Walikufa watatu: Kapteni, na mume na mke wa safu ya mbele waliokuwa wakienda kumwona mtoto wao mwanajeshi.

Wiki mbili baadaye Sumarwan aliitwa na wachunguzi. Asubuhi hiyo Ngatijo alimnong'oneza juu ya kahawa: "Sema ulimweleza, basi. Maiti habishi, na leseni yako bado hai."

Mchunguzi, Bu Lestari, yaani Bi Lestari, alikuwa mama wa makamo kutoka Solo, mji wa Java unaosifika kwa adabu. "Pini iko sawa, sahihi iko sawa," alisema. "Limebaki moja tu, Pak. Ulimweleza Kapteni kuhusu kutua?"

"Nilimweleza."

"Vizuri." Akaanza kuandika.

"Bu, niulize nilimweleza kwa maneno gani."

Kalamu ikasimama. "Kwa maneno gani?"

"Nilisema mashariki mvua imekaza. Nikasema uwanja ni mfupi. Vibawa sikuvitaja."

"Lakini ulikusudia vibawa."

"Nilikusudia."

"Naye alielewa?"

"Sijui. Sikusema kitu cha kueleweka."

Bu Lestari alielewa. Mtu wa Solo hahitaji kuelezwa adabu. "Nikiyaandika haya, Pak, watakusimamisha kazi."

"Andika."

Walimsimamisha siku ya tatu yake.

Dua ya arobaini ya Kapteni ilisomwa nyumbani kwake. Sumarwan alikaa karibu na mlango, kwenye mkeka, akiwa amevaa batiki ileile aliyovaa harusini kwa binti yake. Wasomaji walipomaliza, mjane alipita mwenyewe akigawa wali. Alipofika kwake akainama.

"Ahsante kwa kuja, Pak Marwan. Marehemu alikuwa akikusifu. Alisema mafundi wengine wana midomo, lakini wewe hukuwahi kumvunjia heshima hata siku moja."

Sumarwan alipokea sahani kwa mikono miwili, akaiweka mapajani. Hakula.