Mtandio wa Bhagul kwenye Kaburi la Walii

Kisiwa cha Jumo kimekaa ndani ya hori, mkono wa bahari, pale mto Sindhu unapochoka na kujimwaga baharini. Maji yamekizunguka pande zote, lakini ya kunywa hakuna hata ya kulowesha ulimi. Ya kunywa hutoka bara kwa mapipa, na tangu afiwe na mume, aliyeyaleta kwa mashua ni Bhagul, mjane mwenye mikono migumu na mdomo mgumu zaidi.

Njia ya hori lile huwezi kuisoma majini, maana maji ni tope tupu. Unaisoma nchi kavu. Ukitoka bara, tafuta bendera ya kaburi la walii, uiweke kwa macho sawasawa juu ya mkoko wenye panda. Vikiwa kitu kimoja, uko kilindini. Vikiachana, fungu la matope linakungoja, na maji yakipwa utalala juu yake kama nyati mpaka yajae tena. Wavuvi wenyewe huingia kwa upande wa bahari. Njia ya bara ilikuwa ya Bhagul.

Basi mwezi ule akakwama, akakwama tena. Watu waliposhinda na kiu, ndimi zikafunguka. "Macho yamekwisha yale." "Mwanamke akikosa mume hukosa na njia." Wazee wakamwambia wazi: akikwama mara nyingine, maji atapewa Arbab, mwenye mashua ya injini.

Bhagul akabaki kutafuna hasira. Bendera anaiona, mkoko anauona, matopeni anaingiaje?

Safari iliyofuata alimpakia shemeji yake Sumar, mdogo wa marehemu, aliyekuwa amekwenda bara kununua peremende za kugawa. Baada ya mabinti mfululizo, alikuwa amepata mtoto wa kiume.

"Shemeji, leo tutafika, au nianze kusali?"

"Sali, lakini funga mdomo, inzi wasiingie."

Bendera na mkoko vikaungana. Bhagul akanyoosha usukani. Mashua ikaguna, ikasimama. Akachukua upondo, akasukuma mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Wapi! Maji yalikuwa yanakimbilia baharini kama yameitwa.

"Na jua hili la utosini!" Sumar akacheka.

Bhagul akapanda juu ya pipa, akakodoa macho. "Sumar. Ile bendera mbona iko kwenye kilima cha mchanga? Kaburi si lile pale chini?"

"Ah, ile? Nimeihamisha mimi. Niliweka nadhiri, nikipata mwana nitamsimamishia walii bendera mpya, mahali pa juu. Pale chini mawimbi yalikuwa yanairamba."

"Ukamwambia nani?"

"Walii anajua."

"Walii haendeshi mashua, Sumar!"

"Toba! Bendera ya walii haipotezi mtu."

"Walii hajasogea hata shubiri. Umemsogeza wewe. Irudishe."

"Nivunje nadhiri? Mtoto akishikwa na homa, utamjibu wewe mama yake?"

Hapo Bhagul akakwama mara ya pili, mchana huohuo. Hakuna mkono kisiwani ambao ungeng'oa bendera ya nadhiri, hata wake. Akashuka matopeni hadi mapajani, akakata mti mwembamba wa mkoko, akavua mtandio wake wa kijani wenye viraka.

"Dada, funika kichwa!" Sumar akapiga kelele.

"Funika macho!"

Akajitanda gunia la unga, akajikokota mpaka kaburini, akaufunga mtandio kwenye mti wake, akausimamisha palepale pa bendera ya zamani.

Walipofika kisiwani na maji ya kujaa, wazee walikuwa ufukweni, na Arbab pembeni yao. Bhagul akaeleza yote.

"Sasa unamsingizia walii?" mzee mmoja akauliza.

Sumar alipoulizwa, akaangalia vidole vya miguu yake. Maji akapewa Arbab.

Lakini Arbab alikuwa amesikia kila neno. Akaulenga mtandio wa kijani juu ya mkoko wenye panda, akapita kilindini kama kisu kwenye siagi. "Injini, bwana!" watu wakasema. Bhagul akasaga meno siku kadhaa, kisha akachukua mtumbwi kwenda kuufungua mtandio wake. Arbab naye akayaonje matope!

Akakuta mti umejaa nyuzi na bangili za watoto, ubani unafuka chini yake. Rabel, mke wa Sumar, alikuwa amechuchumaa akifunga uzi wake.

"Usiguse, dada! Tangu itokee bendera hii, Arbab hajakwama. Ni ya walii."

"Ni mtandio wangu, Rabel! Kiraka kile ulinishonea wewe!"

"Ulikuwa wako. Sasa una nadhiri za watu. Ukiufungua, yangu itakwenda wapi?"

Bhagul akasimama, mkono umeshika mti. Akauachia. Akaanza kurudi mtumbwini, kisha akageuka, akachomoa uzi kwenye pindo la nguo yake, akaufunga kwa nguvu kuliko nyuzi zote.

"Umeomba nini?" Rabel akauliza.

"Injini ife."