Diski D na Mwalimu wa Bura

Sijawahi kumwamini mtu wa mapokezi, mahali popote. Nilipomaliza chuo Nairobi na kurudi Garissa bila kazi, daktari mmoja kutoka bara, mwenye kliniki ndogo karibu na soko la mifugo, aliniita nimtengenezee kompyuta. Alikuwa nayo moja tu, pale mapokezi, na rekodi zote za wagonjwa zilikuwa wazi kwa yeyote aliyekalia kile kiti.

"Watu wa hapa wote ni ndugu," aliniambia. "Mimi siwezi kujua nani ni shemeji ya nani. Nifungie."

Nikatengeneza akaunti mbili. Ya mapokezi ilionyesha majina na siku za miadi, basi. Ya daktari ndiyo iliyofungua diski D, yenye habari za magonjwa. Kulikuwa na ya tatu, yangu, ya msimamizi, iliyofungua kila kitu. Hiyo sikuihesabu. Na kwa kuwa nilimshuku dada wa mapokezi, niliweka mtego: kompyuta iandike kila akaunti itakayofungua faili ndani ya D.

Kisha nikafungua faili moja, kuhakikisha rekodi hazijaharibika. Ilikuwa ya mwalimu wa kike wa Bura, mwenye kifua kikuu, mwezi wa pili wa dawa za miezi sita. Chini daktari alikuwa ameandika: asipigiwe simu nyumbani, ana harusi baada ya Idd.

Wiki mbili baadaye mwalimu huyo aliingia, buibui limejaa vumbi la barabara. Hakuketi. Mimi nilikuwa nimepiga magoti kando ya meza nikifunga nyaya.

"Mama ya mchumba wangu ameniuliza kama kikohozi kimepoa," alimwambia daktari. "Sijawahi kukohoa mbele yake. Nani amesema? Kama ni hapa, leo ndiyo mwisho, hizo dawa mmeze wenyewe."

Daktari alinitazama. Mimi nikamtazama dada wa mapokezi. Alikuwa wa ukoo mmoja na bwana harusi, na simu haikutoka sikioni mwake mchana kutwa.

"Walaal, dada yangu," nikamwambia, "umeona nini kwenye ile diski?"

"Diski gani? Ile umenifungia kama mimi ni mbuzi na hiyo ni unga?" Akacheka, lakini macho hayakucheka. "Wallahi, fungua hiyo kompyuta yako. Fungua sasa hivi, kila mtu aone."

Ndicho nilichotaka. Nikaketi, nikaingia kwenye akaunti yangu, nikatoa orodha ya mtego. Mwalimu alikuja kusimama nyuma ya bega langu. Faili yake ilikuwa imefunguliwa mara tano. Daktari, daktari, daktari, daktari. Msimamizi.

"Msimamizi ni nani?" akauliza mwalimu.

"Mwambie, fundi," dada wa mapokezi akasema. "Mwambie msimamizi ni nani."

"Ni mimi. Nilikuwa nahakikisha tu. Sikumtajia mtu jina lako."

Na ilikuwa kweli, jina sikulitaja. Lakini nilipokuwa nikisema hivyo nilikumbuka chakula cha mchana kwa mama, siku ileile niliyofungua faili. Nilikuwa nikilalamika, kama kawaida yangu, jinsi watu wetu wanavyoficha kifua kikuu kana kwamba ni wizi, hata mwalimu mzima, wa Bura, anayeolewa baada ya Idd. Mama aliuliza kitu kimoja tu: "Bura gani, hii yetu au ile ya Tana River?" Nikajibu, hii yetu. Akanimiminia chai, akachukua simu yake akatoka nayo uani, nami nikadhani mazungumzo yamemchosha.

Nikawaeleza yote, nikiwa nimekodolea macho kibodi.

Mwalimu hakupiga kelele. "Sasa dawa nitachukua wapi?" akasema. "Niende Masalani? Huko pia kutakuwa na mtu kama wewe."

"Nitamtoa huyu kwenye kompyuta," daktari akasema.

Nikampa daktari usimamizi, nikaliondoa jina langu kwenye orodha ya wanaoruhusiwa kufungua D. Akaniambia nitoke nje wakati akiandika nywila mpya. Nilisimama uani, mbele ya dirisha, kwa mara ya kwanza nikiwa upande wa watu wasioruhusiwa kujua. Nilimwona mwalimu akimwamuru daktari pia ageuze uso, kisha akakamata kipanya na kuingia kwenye akaunti yangu, ambayo nilikuwa nimeiacha bila nywila makusudi, ili yeyote aweze kuijaribu. Akabonyeza D. Ikakataa. Akabonyeza tena, ikakataa. Sikumlaumu. Hata mimi ningejaribu mara ya tatu, na alijaribu.

Ndipo alipoketi, akamwomba dada wa mapokezi maji ya kumezea dawa.